Nani Anampa Mgeni Jembe?

Somo: Luka 10:1–8 na 30–35, Marko 10:46–52



Kuna barua imekaa mezani kwangu siku tisa sasa na bado sijaijibu. Imetoka chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. Wana programu ya huduma kwa jamii, na wanaomba kutuletea wanafunzi 18 mwezi wa Julai kwa siku 12. Barua yenyewe ni nzuri, imeandikwa kwa heshima. Wanasema wanafunzi wangependa kupaka rangi madarasa yetu ya shule ya Jumapili, kutembelea makao ya watoto yaliyo jirani nasi, na kuwafundisha vijana wetu uongozi. Mwisho kabisa, kwa mstari mmoja mfupi, wanasema wataacha sadaka kwa ajili ya kazi ya kanisa.

Sasa nyinyi mnajua hali yetu. Mnajua paa linavuja upande wa kwaya. Lakini mnajua pia kwamba hayo madarasa yamepakwa rangi mara nne katika miaka sita. Yalikuwa samawati, yakawa manjano, yakawa kijani, halafu yakarudi samawati. Mwalimu mmoja aliniambia, "Pastor, hizo kuta sasa zimekuwa nene." Tulicheka. Lakini hatua ishirini kutoka hapo kuna choo cha watoto ambacho mlango wake umefungwa kwa kamba tangu mwaka juzi. Hakuna mgeni aliyewahi kutengeneza ule mlango, kwa sababu hakuna mgeni aliyewahi kuonyeshwa. Tuliona haya. Tukawapa brashi tukasema, "Karibuni."

Na si hiyo tu. Mwezi huo huo wa Julai, binti yetu mmoja wa kwaya ya vijana anasafiri na chuo chake kwenda Uganda, wiki tatu, kwa programu kama hiyo hiyo. Ametuomba maombi na harambee. Kwa hiyo sisi tuko pande zote mbili. Mlango mmoja tunapokea, mlango mwingine tunatuma.

Kamati ya wazee itakaa wiki ijayo, na mimi nimeambiwa nilete ushauri. Hebu nifikiri pamoja na nyinyi hapa. Swali langu ni hili: je, ni vema kusafiri nchi ya mbali kwenda kusaidia watu ambao hawajakuomba msaada huo? Na wewe mwenyeji, je, ni vema kupokea msaada usiouhitaji kwa sababu umekuja pamoja na bahasha?

NILIPOKUWA MGENI MIMI

Nianze na kosa langu mwenyewe, ndiyo nisionekane nanyooshea wazungu kidole.

Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, nikisomea biashara, nilijiunga na programu ya huduma ya chuo chetu. Tulikuwa wanafunzi 14. Tulienda Tanzania, kijiji kimoja chini ya Mlima Kilimanjaro, upande wa Moshi, wiki tatu. Kila mmoja wetu alichanga shilingi 32,000. Mimi zangu zilitoka kwa mama yangu, kwa wajomba, na kwa kanisa la nyumbani lililonifanyia harambee. Tulishonewa tisheti zenye jina la programu. Tukapita Namanga na Arusha tukiimba kwenye basi njia nzima.

Kazi yetu ilikuwa kuwafundisha akina mama wa kikundi kimoja mambo ya fedha: kuweka akiba, kuandika vitabu, kupanga bajeti. Tulikuwa na projekta, tulikuwa na majedwali kwenye kompyuta. Kosa la kwanza tulilifanya kabla hata ya kufungua kompyuta. Tuliingia kwenye mkutano wa akina mama wenye umri wa nyanya zetu tukasema, "Hamjambo!" Hakuna aliyetuambia kitu. Walijibu kwa upole, wakatuletea chai. Ni jioni ndipo kijana mmoja wa pale alitunong'oneza kwamba kule mkubwa anaamkiwa shikamoo, na kwamba mtu hasemi "nipe chai", anasema "naomba chai". Kiswahili chetu cha Nairobi kiliwafikia kama amri ya askari.

Siku tatu tuliwafundisha. Mama mwenyekiti alikaa mstari wa mbele na daftari, akiandika. Siku ya nne asubuhi alisimama akasema, "Wanangu, tunawashukuru sana kwa somo. Kama hamjachoka, tunaomba na sisi tuwaonyeshe la kwetu."

Wakaleta sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo tatu zilikuwa kwa akina mama watatu tofauti, wa familia tofauti, na halifunguki mpaka wote watatu wawepo, mbele ya kikundi kizima. Ilikuwa VICOBA, benki ya kijiji. Kila wiki wananunua hisa. Kuna mfuko wa mkopo, na kuna mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa. Hesabu inasomwa kwa sauti, kila mtu anakariri salio la wiki iliyopita ili asiwepo wa kulibadilisha. Baadaye nilikuja kujua kwamba vikundi vya namna hii vilianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, shirika la CARE likiwasaidia, halafu mtindo ukaenea nchi nyingi za Afrika. Yaani tulikuwa tumewaletea maji watu waliokaa kisimani.

Halafu mama mwenyekiti akauliza, bila ubaya wowote, "Na nyinyi kikundi chenu, pesa zenu mnazitunza vipi?"

Wapendwa, mweka hazina wa kikundi chetu alikuwa mimi. Na usiku ule nilikuwa nimehesabu nikakuta shilingi 6,400 hazionekani. Hazikuibiwa. Zilikuwa zimeenda kwa soda, kwa kadi za simu, kwa ile siku tuliyoenda kuona maporomoko ya maji ya Marangu, na hakuna aliyeandika. Mwalimu wa kuweka hesabu hakuwa na hesabu.

Nikafanya hesabu nyingine, na hiyo ndiyo ilininyima usingizi. Safari yetu ilikuwa imegharimu shilingi 448,000. Ukibadilisha wakati ule, ilikuwa zaidi ya milioni 7 za Tanzania. Akiba ya kikundi kizima cha akina mama 28, jasho la mwaka mzima, ilikuwa milioni 6 na kitu. Tulikuwa tumetumia pesa zaidi ya zote walizokuwa nazo, ili kwenda kuwafundisha jinsi ya kutumia pesa.

KARATASI MOJA

Lakini hadithi haikuishia kwenye aibu. Mama mwenyekiti alitoa karatasi kwenye kanga akasema, "Kuna hii tunaomba mtusomee."

Ilikuwa mkataba wa mkopo, kwa Kiingereza. Akina mama wanane walikuwa wanataka kukopa milioni 1 kila mmoja, wanunue ng'ombe wa maziwa. Mkopeshaji alikuwa amewaambia riba ni asilimia 3 tu kwa mwezi. Wakasikia 3, wakaona ni kidogo.

Tulikuwa na binti mmoja wa sheria ambaye kwa siku tatu hatukumpa nafasi ya kusema hata neno. Yeye akasoma, mimi nikapiga hesabu. Riba ilikuwa inahesabiwa kwa milioni nzima ya mwanzo kila mwezi, hata baada ya wewe kulipa nusu. Kwa mwaka riba inafika 360,000. Asilimia 3 hiyo hiyo ingehesabiwa kwa deni linalobaki, ingekuwa kama 205,000. Kwa maneno mengine, riba yao ya kweli ilikuwa kama asilimia 5 kwa mwezi. Na kulikuwa na kipengele kinachosema mmoja akishindwa, wenzake saba wanalipa.

Tuliwaeleza kwa Kiswahili, tukachora kwa mkaa ukutani. Ilichukua dakika arobaini. Hatukuwaambia wakope au wasikope. Walijadiliana wenyewe kwa Kichaga, wakaamua kununua ng'ombe wawili kwanza kwa pesa za sanduku, kwa zamu.

Siku tatu za projekta hazikumsaidia mtu. Dakika arobaini za kusoma karatasi waliyotupa wao, zile zilisaidia. Na elimu ilikuwa ile ile, na sisi tulikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kimoja: safari hii wao ndio waliotuambia kazi ni ipi.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisoma methali hii kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini angalia jembe linatoka wapi. Linatoka kwa mwenyeji. Mwenyeji ndiye anayejua shamba liko wapi, mipaka iko wapi, mahindi ni yapi na magugu ni yapi. Mgeni anayekuja na jembe lake na kuanza kulima popote anapoona udongo anaweza kung'oa chakula chako akidhani anakusaidia.

HAYA MAMBO HAYAKUANZA JANA

Wanafunzi wa vyuo kusafiri kwenda kutumika nchi za watu, hili jambo lina historia, na mwanzoni mwake kuna mchungaji. James Robinson, Mmarekani mweusi, mchungaji wa kanisa la Presbyterian huko Harlem, New York, alianzisha Operation Crossroads Africa, na mwaka 1958 kundi la kwanza la wanafunzi likaja Afrika Magharibi kufanya kazi bega kwa bega na vijana wa hapo. Mwaka 1960, tarehe 14 Oktoba, usiku wa manane, John Kennedy akasimama mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan akawauliza kama wako tayari kwenda kutumika mahali kama Ghana. Mwaka uliofuata likazaliwa Peace Corps, na kati ya nchi za kwanza kupokea vijana hao zilikuwa Ghana na jirani yetu Tanganyika.

Lakini mwezi wa Aprili 1968, padre mmoja Mkatoliki aitwaye Ivan Illich aliitwa kuhutubia wanafunzi wa vyuo waliokuwa wakijiandaa kwenda kujitolea vijijini Mexico.  Aliwaambia wazi kwamba nia zao nzuri ndizo zilizomtia hofu. Hamjui lugha ya hao maskini, hamwezi hata kujua wanawaonaje. Njooni mtembee, mtazame, mjifunze, alisema, lakini msije kwa jina la kusaidia.

Nilipoyasoma maneno yake kwa mara ya kwanza nilikumbuka tisheti yangu nikaona haya. Mimi naona alisema kweli, lakini hakusema kweli yote. Kama tungeenda Moshi kutazama mlima tu, ile karatasi ingesomwa na nani? Iko huduma ya kweli inayovuka mipaka. Hapa kwetu Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani wameshirikiana katika udaktari tangu 1989. Madaktari wao wamekuja kuishi hapa, wengine miaka mingi, si siku 12. Wanafunzi wao wanakuja kusomea hapa, na wanafunzi wetu wanaenda kusomea kwao. Ukimwi ulipotubana, urafiki huo ndio uliozaa mpango wa AMPATH mwaka 2001, na dawa zikawafikia watu wa magharibi mwa Kenya waliokuwa wanangoja kufa. Uhusiano ulikuwepo miaka 12 kabla ya ule mpango mkubwa. Watu walikuwa wameshajuana majina.

Kwa hiyo kusafiri si dhambi, na kusaidia si dhambi. Tuangalie namna.

YESU ALIULIZA

Nenda kwa Marko 10. Bartimayo ni kipofu, amekaa kando ya njia, anapiga kelele. Kila mtu anaona shida yake. Hata mtoto angejua. Lakini Yesu anamwita karibu, halafu anamuuliza anataka afanyiwe nini. Mbona aulize? Yeye anayejua yote? Mimi naamini aliuliza kwa sababu Bartimayo alikuwa mtu. Kumuuliza mtu ni kumpa nafasi ya kujibu, hata nafasi ya kukataa.

Halafu Luka 10. Yesu anawatuma wale sabini kwenye miji ya watu, na anawakataza kubeba mfuko, mkoba, viatu. Wale kile mnachoandaliwa, wakae nyumba iliyowapokea, wasihamehame. Hebu ona mpango huo wa safari! Sisi tukituma timu, kitu cha kwanza ni kuhakikisha hawatamhitaji mwenyeji kwa lolote: maji yao, dawa yao, gari lao. Yesu alifanya kinyume. Alihakikisha kwamba aliyetumwa anafika akiwa na njaa, ili naye ahitaji kuhudumiwa. Mtu aliyekula ugali wako hawezi tena kukuangalia kama mradi.

Najua kuna ndugu atanijibu, "Pastor, lakini Msamaria Mwema hakuitwa na mtu. Alimkuta yule ameumizwa akamsaidia bila kuuliza." Ni kweli, na sura ni hiyo hiyo ya Luka 10. Mtu anayevuja damu hatuandikii barua. Lakini soma mpaka mwisho. Msamaria hakusafiri kutafuta majeruhi, alimkuta kwenye njia yake. Hakujifanya daktari wa kila kitu, alimpeleka kwa mwenye nyumba ya wageni, mtu wa hapo hapo, akamwachia pesa na kazi. Na aliahidi kurudi kulipa kilichopungua.

Hapo kwa kurudi ndipo mimi naanguka.

KITABU CHENYE UPANDE MMOJA

Maana nilirudi Nairobi, nikamaliza chuo, nikatafuta kazi. Kwenye wasifu wangu niliandika kwamba niliwafundisha wanawake 28 wa Tanzania usimamizi wa fedha. Kwenye mahojiano waliniuliza juu ya hilo, nikalieleza vizuri sana. Nilipata kazi. Sikutaja sanduku la makufuli matatu. Sikutaja zile 6,400. Sikusema kwamba kila kitu ninachojua kuhusu kulinda pesa za watu nilikifundishwa na mama mmoja aliyevaa kanga.

Tena hadi leo sijarudi. Ni safari ya siku moja kwa basi.

Kwenye uhasibu tunafundishwa kwamba kila kitu kinaandikwa mara mbili: kilichotoka kimeenda wapi, kilichoingia kimetoka wapi. Mimi niliandika upande mmoja tu, upande wa nilichotoa. Na hapo ndipo ninaona dhambi ya hizi safari, kama ipo. Dhambi si kwamba mtu anayejitolea anafaidika. Ni lazima atafaidika. Anapanuka akili, anapata marafiki, anapata kazi, na Mungu anaweza kumwita huko huko. Faida si dhambi. Dhambi ni kuificha faida yako na kuiita sadaka. Dhambi ni kumwandika mwalimu wako kama mwanafunzi wako.

NA SISI WENYEJI JE?

Sasa nirudi nyumbani, kwa maana mahubiri ya kuwasema wageni ni rahisi sana.

Akina mama wa Moshi walikaa siku tatu wakinisikiliza kwa adabu. Adabu ile ilikuwa nzuri, lakini nashukuru Mungu kwamba siku ya nne iliisha. Sisi hapa, adabu yetu haijaisha miaka sita. Tumewaacha vijana wa watu wasafiri masaa ishirini, wapake ukuta uliopakwa, tupige makofi, tuimbe, tulie machozi wakiondoka, halafu tuhesabu bahasha. Tumewanyima ukweli kwa sababu tuliogopa wasirudi. Huo si ukarimu. Tumemuuzia mgeni kitu ambacho si cha kweli, na kama mtu wa biashara najua jina la hilo jambo.

Na kuna mahali adabu yetu inaumiza mtu asiye na sauti. Nazungumzia makao ya watoto. Kila kundi linalokuja linaomba kwenda pale, na sisi tunawapeleka, kwa sababu ndipo mioyo inaguswa na mifuko inafunguka. Mtoto wa miaka mitano anabebwa siku 12 na dada anayempenda kweli, halafu siku ya 13 dada hayupo. Mwaka ujao anakuja mwingine. Wengi wa watoto walioko katika makao kama hayo wana mzazi aliye hai au jamaa, ni umaskini uliowatoa nyumbani. Serikali yetu ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Kama kanisa, tungepaswa kuwa tunatafuta shangazi na nyanya wa hao watoto. Badala yake tumekuwa tukipanga ratiba ya kuwatembelea. Bartimayo aliulizwa anataka nini. Hawa watoto hakuna aliyewauliza, wala wageni wala sisi.

NITAKALOWASHAURI WAZEE

Nitasema waje. Ebrania 13 inatukumbusha kwamba kuna watu waliokaribisha wageni kumbe ni malaika. Lakini nitaomba barua yetu iseme mambo haya wazi, kwa upendo.

Kwanza, ukuta hauhitaji rangi. Tunachohitaji ni mlango wa choo na mtaro wa maji, na fundi wetu ndiye atakayesimamia. Watakuwa vibarua wake pamoja na vijana wetu, idadi sawa. Kama kati yao yuko anayesomea sheria, uhasibu au uuguzi, aseme, maana kuna karatasi hapa zinazohitaji kusomwa.

Pili, watakaa majumbani mwetu, wawili wawili, si hotelini. Wale tunachokula. Wazazi watakaowapokea watakuwa na haki ya kuwatuma dukani.

Tatu, makao ya watoto hayatakuwa kwenye ratiba.

Nne, mafunzo ya uongozi yatakuwa mazungumzo. Siku moja waseme wao, siku moja waseme vijana wetu. Na mwaka unaofuata, wawili wa kwetu waende kwao, waone kanisa lao na maskini wao, maana hata kwao wapo.

Tano, na hili ndilo gumu. Sadaka isiwe kwenye barua moja na safari. Tuwaambie: hata msipoacha shilingi, tutawapokea. Na mkitaka kutoa, toeni hata msipokuja.

Sitawaficha, wapendwa. Nilipomsomea mzee mmoja wa kamati mambo haya aliniangalia muda mrefu. Akasema, "Kijana wangu, wakisoma hiyo barua wataenda kanisa lingine ambalo lina ukuta." Inawezekana. Chuo kina ratiba yake, kinahitaji picha zake na ripoti yake. Tukikosa ile sadaka, paa litaendelea kuvuja mvua za Novemba, na kwaya itaendelea kusogeza viti. Mimi sina jibu la kuziba paa. Ninachojua ni kwamba tukipata bati kwa kumdanganya mgeni, tutakaa chini ya bati hilo kila Jumapili tukihubiri ukweli.

Na kwa binti yetu anayeenda Uganda, harambee tutafanya, na mimi nitakuwa wa kwanza kutoa. Lakini nimemwomba mambo matatu. Siku tatu za kwanza asifundishe mtu chochote, aulize na aoshe vyombo. Aandike daftari lenye pande mbili, alichotoa na alichopewa, na akirudi atusomee pande zote mbili hapa madhabahuni. Na asiende bila kujua atarudi lini tena, hata kama kurudi ni simu ya kila mwezi kwa mama aliyemlaza nyumbani kwake.

Mimi mwenyewe, baada ya Pasaka, nitapanda basi la Namanga. Sijui kama mama mwenyekiti bado yuko hai. Kama yuko, nitasema shikamoo kwanza. Halafu nitamwambia nilichoandika kwenye wasifu wangu, na kazi niliyoipata kwayo.

Kwa vikundi vya nyumbani juma hili:

1. Ni msaada gani uliwahi kupewa ambao hukuuhitaji? Kwa nini hukusema?
2. Kama mgeni angekuja kwako leo ukampa jembe, ungemwonyesha shamba gani ambalo umekuwa ukilificha?
3. Yuko mtu uliyemsaidia ambaye kwa kweli ndiye aliyekusaidia? Utamwambia lini?

Tuombe. Baba, tufundishe kuuliza kabla ya kutenda, na kusema ukweli kabla ya kupokea. Wabariki wanaokuja kwetu na wanaotoka kwetu. Utusamehe vitabu tulivyoandika upande mmoja. Katika jina la Yesu, Amina.